Mwaka wa Panya na Miguu ya Ayeeyo

Juzi nilifungua gunia la maharagwe stoo, na kabla sijaona tundu wala kinyesi, nikajua. Harufu ya mkojo wa panya ni kali na ina utamu fulani mbaya, kama karanga zilizovundia ndani ya kitambaa kibichi, na mtu aliyewahi kulala nayo haisahau. Kijana wangu alinicheka, akasema pua yangu imezeeka. Tukalipindua gunia, na upande wa chini kulikuwa na tundu. Yeye alishangaa, akaenda zake kutafuta mtego. Mimi nilibaki stoo nimekaa juu ya debe, nikimkumbuka bibi yangu.

Tulikuwa tukiishi katika kambi ya askari wa wanyamapori, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kotile, pale hifadhi inapoanzia. Nasema inapoanzia, lakini hakukuwa na ua wala waya. Kulikuwa na safu ya nyumba za mabati, halafu uwanja wa kuanikia nguo, halafu pori. Asubuhi nyingine ungeweza kutoka na mswaki mdomoni ukawaona wale swala wa huko, wenye mstari mweupe katikati ya macho, wamesimama wanakutazama kama wageni waliofika kabla chai haijaiva. Baba yangu, tuliyemwita Aabo kwa Kisomali, alikuwa mmoja wa askari waliowalinda.

Mama alitoka ng'ambo ya mto, kwa Wapokomo, watu wa mashamba. Ayeeyo, yaani bibi yetu mzaa baba, alitoka kwa wafugaji na alikuwa amehamahama maisha yake yote mpaka ukame ulipomaliza ng'ombe wake na Aabo akamleta kwetu. Nyumba ya mabati hakuitaka. Alijijengea aqal yake kando ya nyumba yetu, kibanda cha mviringo cha fito na mikeka, akalala chini juu ya ngozi kama alivyolala siku zote. Kwa sababu Mama hakujua Kisomali sana, na Ayeeyo alijua Kiswahili cha sokoni tu, nyumba yetu ilizungumza Kiswahili cha namna yake, na kila mmoja alikibeba kadiri ya nguvu zake.

Wenzangu mliokulia huku mtaikumbuka mvua ile kubwa iliyokata barabara zote na kuua mifugo. Sisi watoto tuliikumbuka zaidi kwa kilichofuata. Nyasi ziliota mpaka zikamfika Aabo kifuani. Zikatoa mbegu, na pori zima likawa ghala lisilo na mlango. Panya walizaliana humo bila mtu kuwaona. Kisha jua likarudi, nyasi zikakauka, mbegu zikaisha, na panya wakageuza nyuso zao kwetu.

Hawakuwa panya wakubwa wa mjini. Walikuwa wadogo, rangi ya mchanga, wenye macho meusi ya kung'aa, na ukimwona mmoja peke yake ungeweza hata kumpenda. Lakini hawakuja mmoja mmoja. Walikula sabuni. Walikula kandambili za Aabo upande wa kisigino. Walikula jalada la kitabu changu cha hesabu kwa ajili ya gundi, na kamba za ngozi za chombo cha maziwa ambacho Ayeeyo alikuwa amekisuka mwenyewe alipokuwa bibi harusi. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Alikaa mlangoni pa aqal amekipakata kile chombo, akasema, maana panya yeye alimwita banya siku zote, "Hii banya iko na njaa ya ajabu. Hata harusi yangu imekula."

Mama ndiye aliyekuwa na mahindi. Wajomba zangu walimletea magunia kutoka shambani kila walipovuna, naye aliyaweka chumbani mwao yeye na Aabo, nyuma ya kitanda. Wanawake wa kambini walianza kusema kwamba panya wamefuata mahindi ya Mpokomo. Ayeeyo hakulisema hilo, lakini alisema jingine ambalo nadhani lilimchoma Mama vilevile.

"Sisi zamani banya ikizidi, tunavunja nyumba, tunapakia ngamia, tunaenda. Tunaiachia mahali. Sasa nyinyi mnajenga mabati, mnaweka chakula, mnalala hapo hapo. Banya naye anafikiri ameoa hapa."

Mama alicheka kwa adabu, kama mkwe anavyocheka. Baadaye nikamsikia akimwambia Aabo kwamba hawezi kumtupia panya mahindi ya kaka zake, wala hawezi kupakia nyumba ya mabati juu ya ngamia.

Duka la Kotile liliuza dawa ya panya, punje nyeusi zilizofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Aabo aliikataa. Kabla ya hapo askari mmoja alikuwa ameitumia, na asubuhi tulimkuta bundi chini ya mgunga, mabawa yamefunguka kama nguo iliyoanikwa, na paka wa jirani yetu Mama Kioko akatapika kutwa nzima kisha akafa. Mama hakumlilia bundi. Kwao bundi akilia juu ya paa mtu huhesabu wagonjwa wake. Aabo alimweleza kwamba bundi mmoja hula panya wengi kuliko mitego yote atakayoitega yeye, na tena mdogo wangu Yusufu alikuwa katika umri wa kutia kila kitu mdomoni. Hapo Mama akakubali, kwa ajili ya Yusufu, si kwa ajili ya bundi.

Basi Aabo akaanza vita vyake kwa mikono. Alifyeka nyasi kuzunguka nyumba zetu mpaka pakawa peupe, kwa sababu panya, alisema, hapendi kuvuka uwanja anapoonekana kutoka juu. Alizika ndoo mpaka shingoni, akatia maji nusu, akapitisha waya juu yake wenye kopo la kuzunguka lililopakwa samli. Panya alikimbilia samli, kopo likageuka, panya akaingia majini. Na alikuwa na mtego wa waya alioletewa na rafiki yake kutoka Garissa, kama kijumba kidogo chenye mlango wa kujifunga, ambao ulimkamata panya akiwa hai. Kila asubuhi kazi ilikuwa kumwaga ndoo na kuchoma mizoga mbali na nyumba. Kila asubuhi walikuwepo.

Katikati ya mambo hayo Ayeeyo akaumwa.

Mimi ndiye niliyempelekea chai. Alikuwa ameshaswali, amekaa amenyoosha miguu nje ya mlango, na kwenye ngozi aliyolalia kulikuwa na doa la damu. Nikalifuata kwa macho mpaka kwenye kidole chake cha mguu, kile kikubwa. Ncha yake ilikuwa imetafunwa. Nyama ilionekana, nyekundu na safi.

"Ayeeyo, unatoka damu," nikasema.

Alitazama mguu wake kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani. Akaguna. "Banya ya hapa iko na adabu," akasema. "Inakula mtu, haimwamshi."

Mama alikuja mbio na maji ya chumvi. Mama Kioko naye akaja, mikono imejaa unga, akatoa maelezo ambayo kila mtu aliyakubali papo hapo.

"Si ndiyo kawaida ya panya? Anauma akipuliza. Anauma kidogo, anapuliza, unaona kama upepo. Hata mtu anaweza kutafunwa kidole kizima asijue."

Mimi nilikuwa nimeshausikia msemo huo kuhusu watu, mtu anayekudhuru huku akikubembeleza, lakini sikujua kwamba ulitoka kwenye jambo la kweli. Kichwani mwangu nilimwona yule panya wazi kabisa. Alikaa kwa miguu ya nyuma kando ya kidole cha Ayeeyo, akauma, akafura mashavu, akapuliza taratibu kama Mama alivyonipulizia goti nilipoanguka. Niliamini kwamba ndani ya tumbo lake kulikuwa na upepo baridi wa namna ya dawa. Sikumchukia hata kidogo. Niliona ni mwizi mwenye huruma.

Baada ya siku chache Ayeeyo aliumwa tena, mguu wa pili, kisigino. Tena hakusikia. Mara hii Mama alifua ile ngozi, akaianika, na wanawake waliokuwa wakipita kwenda kuteka maji wakaitazama. Alijua watakachosema kisimani: mama mkwe wa Mpokomo analiwa na panya na mkwe yumo ndani amelala kitandani. Jioni ile alimwomba Ayeeyo ahamie ndani ya nyumba, alale kitandani pao, wao walale chini.

"Kitanda ni ya mgonjwa," Ayeeyo akasema. "Mimi mzima."

"Panya watakumaliza, Ayeeyo." Mama naye alimwita hivyo, kwa kutumia midomo yetu watoto.

"Si inapuliza? Haina shida."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta panya mmoja kwenye mtego wa waya, nyuma ya jiko. Aabo alikuwa amekwenda doria na Mama alikuwa anakanda unga. Nilichuchumaa. Panya alikuwa amejikunja pembeni, ubavu wake ukipanda na kushuka. Kwangu mimi ile ilikuwa nafasi. Nilitaka kuusikia ule upepo. Nikaingiza kidole changu cha shahada kati ya nyaya, taratibu, nikangoja apulize.

Alikuja, akanusa. Nilihisi pumzi yake, ya joto, nyepesi, ikigusa ngozi. Nikafurahi. Halafu akauma.

Sijawahi kusahau maumivu yale. Yalipanda mpaka kwapani. Nilipiga ukelele uliomtoa Mama jikoni na unga mikononi, na Mama Kioko nyumbani kwake, na nadhani hata swala walisikia. Mama alinishika mkono, akauosha kwa sabuni ya kufulia, akaubana damu itoke, akauosha tena, huku akinigombeza kwa Kipokomo, lugha aliyoitumia alipoogopa tu.

"Alipuliza," nikasema nikilia. "Mama, alipuliza, na bado imeuma."

"Nani kakwambia panya anapuliza?"

"Mama Kioko. Na Ayeeyo hakusikia. Kwa nini mimi nimesikia?"

"Ayeeyo ni mtu mzima. Ngozi yake ngumu."

Akaendelea kunifunga kitambaa. Kisha mikono yake ikasimama. Nakumbuka uso wake vizuri kwa sababu ulikuwa karibu sana na wangu. Aliangalia kidole changu, akaangalia kule kwenye aqal, akaangalia tena kidole changu. Hakumaliza kufunga lile fundo. Alilifunga Mama Kioko.

Mama alichukua beseni la maji ya vuguvugu akaenda kwa Ayeeyo, nami nikamfuata nikilia kwa kwikwi. Alisema amekuja kumwosha vidonda. Ayeeyo alinyoosha miguu. Ilikuwa miguu mirefu, mikavu, yenye nyufa, iliyokuwa imetembea kutoka mipakani hadi mtoni na kurudi mara nyingi kuliko magari. Mama aliiosha polepole. Kisha akaokota mwiba wa mgunga, ule mrefu mweupe, akauficha kiganjani.

"Ayeeyo, hebu tazama kule hifadhini, uniambie kama swala wametoka. Mimi nitakugusa mguu. Ukisikia, sema."

Ayeeyo akageuza uso. Macho yake ya mbali yalikuwa mazuri bado. Mama akamchoma kwenye wayo, taratibu. Ayeeyo aliendelea kutazama pori. Akamchoma kidole kimoja, na kingine. Akapandisha kwenye kifundo. Tone dogo la damu lilitokea mahali fulani, Mama akalifuta kwa kidole gumba.

"Umeanza?" Ayeeyo akauliza.

Ayeeyo akageuka, akauona mwiba mkononi mwa mkwewe na alama nyekundu kwenye miguu yake mwenyewe. Nilidhani atakasirika. Badala yake alivuta nguo yake akaifunika miguu, kama mtu aliyefumaniwa anaoga.

"Tangu lini?" Mama akauliza.

"Zamani kidogo. Natembea kama juu ya jivu. Siku moja kandambili ilitoka, mimi nikaenda nayo hakuna mpaka kisimani. Nikirudi, Yusufu ndiyo aliniletea hapa mlangoni. Ningesema nini? Mzee akisema mguu hakuna, watu wanasema amekwisha."

Mama akaanza kumuuliza mengine, kuhusu maji. Sisi sote tulijua kwamba Ayeeyo alikunywa maji kupita ngamia. Tulilifanyia hata mzaha. Na Mama akataja jambo ambalo alikuwa ameliona bila kulifikiria: mahali Ayeeyo alipokojoa nyuma ya aqal, sisimizi walijaa. Kwa mjomba wake mmoja kule mtoni sisimizi walijaa hivyo hivyo, na yule mjomba alikatwa mguu.

Aabo aliporudi kutoka doria, walizungumza kwa sauti ya chini huku chai ikipoa. Ayeeyo aliposikia neno hospitali alisema haendi. Alisema hospitali ya mjini ni mahali watu wanapoingia na miguu miwili wakatoka na mmoja. Aabo alimbembeleza, akamsomea mpaka aya. Hakutikisika. Aliyemtikisa ni Mama, naye hakumbembeleza.

"Umesema hapa tunalala mahali pamoja na panya," Mama akamwambia. "Ni kweli. Nyinyi mngehama. Basi sasa na tuhame, mimi na wewe, mpaka Garissa. Nikikuacha hapa, hawa panya watakula miguu yako na wewe unatazama swala. Sitaki watu waseme nilikuwepo."

Ayeeyo akaomba kilemba chake cha kusafiria.

Barabara ilikuwa bado mbaya. Walipata lori lililopeleka ng'ombe, Ayeeyo akapandishwa mbele na dereva na Mama akabanwa mlangoni akiwa amempakata Yusufu. Mimi nilibaki. Nilikaa kwa Mama Kioko mchana na kwa Aabo usiku, na kidole changu kilivimba kikapona. Siku nyingi zilipita bila habari. Nilijua moyoni kwamba Ayeeyo atarudi bila miguu, na nilijua ni kwa sababu panya walimaliza upepo wao wote juu yake. Sikuwa na mtu wa kumwambia hilo.

Aabo hakusema aliloogopa yeye. Alijenga. Alikata magogo akasimamisha kichanja kirefu cha kuwekea magunia ya Mama, kama maghala ya kwao ng'ambo ya mto. Kisha akanunua makopo makubwa ya mafuta ya msaada, yale yaliyouzwa kila soko kutoka kambi za wakimbizi za Dadaab, akayakata, akayakunjua, akayafunga kuzunguka kila mguu wa kichanja mfano wa mwavuli. Panya alipanda mguu, akafika kwenye bati, akateleza. Nilikaa nikiwatazama wakijaribu. Alitengeneza na kitanda cha fito, akakivisha makopo hayo miguuni.

Siwezi kusema Aabo aliwashinda panya. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Nyasi ziliisha, wengine wakafa njaa, bundi wapya wakaja, na chatu mmoja alikaa kwenye kichuguu karibu na choo mpaka akanenepa hata hakuweza kumkimbia mtu. Aabo alikataza asiuawe, akampeleka porini ndani ya gunia. Lakini magunia ya Mama yalipona, na hakuna aliyeumwa tena kambini, kwa sababu wenzake wote waliyaiga yale mabati.

Walirudi na lori lilelile. Nilikimbia mpaka kwenye mlango wake nikainama kuangalia chini kabla ya kuangalia juu. Miguu ilikuwepo, yote miwili, ndani ya viatu vya turubai vyeusi vilivyofungwa kamba kama vya mwanafunzi. Kidole kikubwa kimoja kilikuwa kimebaki Garissa. Mngechelewa kidogo, daktari alimwambia Mama, ungekuwa mguu.

Ulikuwa ugonjwa wa sukari, na ukamletea Ayeeyo amri alizozichukia: vidonge, viatu hata ndani, na chai bila sukari. Vidonge alimeza. Viatu aliviita gereza akavivaa. Chai isiyo na sukari aliinywa akiwa amegeuza uso kama anayekunywa mkojo wa ngamia, na kila mgeni aliyekuja alisimuliwa juu ya chai kabla ya kusimuliwa juu ya kidole. Kitanda alikubali kukilalia baada ya kuona kwamba hata bati lake lilitoka mbali kama yeye. Aqal ilibaki imesimama, akakaa humo mchana.

Mama alinipa kazi. Kila asubuhi baada ya chai nilimvua Ayeeyo viatu, nikamtazama miguu, nyayo, kati ya vidole na visigino, nikitafuta mwiba, mchubuko, au jino la mnyama, kwa sababu miguu yenyewe isingesema. Mwanzoni niliifanya haraka ili niende shule. Baadaye niliizoea, na nikapenda kukaa pale nimeipakata, mizito na mikavu, huku yeye akinieleza kila mguu ulipita wapi.

Asubuhi moja niliacha kiganja changu juu ya wayo wake bila kukiondoa. Nilitaka kujua. Nikamuuliza kama anausikia mkono wangu, japo kidogo.

Alifikiri kwanza, kwa sababu hakupenda kunidanganya.

"Mkono hakuna," akasema. "Lakini nakuona umeshika."

Akanyoosha na mguu wa pili.